Bastola ya Pete na Kidole Changu

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Bahati imenikumbuka! Tamthilia ya parokia inahitaji afisa wa zamani mwenye bastola. Padri kasema atakayeleta Jumamosi bastola bora ya mbao ndiye afisa. Krismasi tatu mfululizo mimi nimekuwa ng'ombe. Imetosha. Mama ameshaalika ukoo mzima wa Kalengera waje kutoka kijijini kumwona afisa wao.

Achille, fundi mwenzangu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, hapa mtaani Mapendo, anachonga bastola ya silinda. Kazi ya mvivu! Mimi nachonga ya pete, ya miaka ya 1880, iliyo katika kitabu changu cha Kifaransa. Badala ya kifyatulio ina pete ya kutia kidole. Sukuma pete mbele, risasi inapanda. Vuta, mlango wa risasi unajifunga. Vuta zaidi, inafyatuka. Kidole kimoja, kazi zote. Kitabu kinadai ilikuwa ngumu kuvuta, watu wakaiacha. Vidole vya Ulaya, hivyo.

Jumatano, tarehe 12
Mkaratusi, raba ya tairi ya chukudu, risasi za maharage. Imepiga mara mbili! Mama kauliza: “Weye Védaste, hii maharage ni ya kula ao ya vita?” Nimeificha bastola chini ya sombe, majani ya muhogo ya Mama. Mji huu una askari kila kona, hata ya mbao haibebwi mkononi.

Ijumaa, tarehe 14
Pete nzito. Achille kanishauri nipake sabuni kavu. Ushauri wa adui! Nimemimina mawese ya moto. Inateleza yenyewe. Achille katikisa kichwa. Wivu.

Jumamosi, tarehe 15
Parokiani, baridi ya asubuhi. Mawese yameganda, jambo analolijua kila mwenye sufuria Goma, isipokuwa mimi. Nikasukuma pete: kimya. Nikasukuma kwa nguvu: ikaenda, ikakataa kurudi. Nikavuta kwa mikono miwili. Ikafunga na kufyatua kwa pamoja. Harage likampata Padri kwenye miwani.

Kidole kikanasa ndani ya pete. Achille kaikata pete kwa msumeno, kakitoa kidole kwa, bila shaka, sabuni. Yeye ndiye afisa. Mimi ni maiti ya kwanza. Nimelia kidogo, chooni.

Jumapili, tarehe 16
Kidole kimevimba kama ndizi. Mama hajawaambia wa Kalengera. Anasema maiti nayo inaonekana vizuri ikilala mbele.

Nimegundua kosa! Pete moja haitoshi. Zinatakiwa mbili, vidole viwili. Nitaificha bastola mpya ndani ya shati. Nani anapekua maiti? Na mawese basi, nimeachana nayo. Shangazi ananiletea mafuta ya ng'ombe kutoka Kalengera. Nitayayeyusha vizuri, nipake mengi.