Antena Kwenye Kadi ya Bosi

Alhamisi, 19 Desemba

Bosi wetu, Bi. Hatakeyama, ametangaza leo: Januari atachagua mkuu wa meza mpya ya antena, zile lebo zinazosomwa kwa simu. Ama mimi, ama Nishiwaki. Nishiwaki! Mtu wa juzi, hata kikombe chake cha chai haoshi. Mimi nina miaka kumi na tisa katika kiwanda hiki cha lebo.

Nina mpango. Nitamchapia bosi kadi ya mwaka mpya yenye antena, kwa printa ya nyumbani na wino wa madini ya fedha niliouazima kazini (kimyakimya). Akigusisha simu, sauti yangu itamwimbia. Nishiwaki atakufa kwa kijicho.

Nimejaribu kwanza kwenye postikadi moja ya kijivu kati ya zilizokuwa juu ya friji. Karatasi ikanywa wino wote. Mke wangu, Chizuko, akauliza kama nimezisoma postikadi zile kabla ya kuzichezea. Nikamjibu kwamba fundi hasomi, fundi hupima.

Jumamosi, 21 Desemba

Karatasi ya picha! Mistari imekaa, mizunguko mitano, umeme unapita. Nikabandika chipu yenye wimbo. Nikaikunja kadi ipendeze. Mistari ikapasuka kwenye mkunjo! Kadi nane zimekwenda na maji. Chizuko akasema kadi za watu wenye akili hazikunjwi.

Jumanne, 24 Desemba

Ya tisa imeimba! "Hongera! Hongera kwa mwaka mpya!" Mara tatu, na ngoma. Nimekimbia posta ili ifike tarehe mosi asubuhi.

Nishiwaki ameniambia yeye hamtumii bosi kadi mwaka huu. Nilicheka hadi machozi. Mvivu yule!

Jumatano, 1 Januari

Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikuwa tunakunywa supu ya mwaka mpya yenye mochi, yale madonge ya mchele, mdogo wake bosi akapiga simu. Akauliza kwa upole kama mimi ndiye Kuramochi. Mama yao alifariki Oktoba, wakamzika wao ndugu peke yao. Nyumba yenye msiba haipelekewi hongera. Hata mtoto wa chekechea anajua. Baba yao, mzee wa miaka tisini, aligusisha simu kwenye kadi mbele ya picha ya marehemu. "Hongera! Hongera!" Akadhani simu imekosea. Akagusisha tena. Mara nne.

Nikajitetea kwamba hatukuarifiwa. Akasema walituma postikadi ya kijivu ya kutangaza msiba.

Nikaigeuza ile yangu ya majaribio. Antena imepita juu ya jina la marehemu.

Chizuko akaondoa bakuli langu la supu mezani. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 6 Januari

Nilipomwinamia bosi kwa salamu, aliinama kunizidi, akanishukuru kwa kadi. Akanishukuru! Uso uliniwaka moto. Meza amepewa Nishiwaki, naye akaninong'oneza: "Kaka, si ungeniuliza tu kwa nini situmi?"

Nimekula chakula changu stoo, peke yangu, nyuma ya maboksi.

Jumatano, 8 Januari

Lazima niombe radhi. Baada ya tarehe saba, waliofiwa huruhusiwa kutumiwa salamu za majira ya baridi. Safari hii nimeuliza, nimesoma, nimehakikisha.

Kadi iko tayari. Haina mkunjo. Ina antena mbili, mzee asihangaike kutafuta pa kugusisha. Hakuna hongera, hakuna ngoma. Ni kilio changu tu, dakika tatu. Nimekirekodi bafuni, mwangwi wa kule ni mzuri sana.