Birika Kwenye Ukuta wa Kadidja

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Gitega.

Nimefika. Muyinga mzima wanajua nimekuja Gitega kung'oa jino. Uongo! Meno yangu iko sawa, yale machache yaliyobaki. Nimekuja kusoma kuchora na rangi. Mi! Na hizi ndevu!

Sababu iko moja tu: Kadidja. Mjane, anauza chai karibu na soko la Muyinga. Juzi alilalamika ati ukuta wake wa mbele iko uchi, anataka mtu amuchoree birika kubwa kabla ya Idi. Nikaruka hapo hapo. Nikamwambia, mama, zamani nilichora simba kule Ujiji, mbuzi za mtaa mzima zikahama. Kadidja akacheka mpaka akashika meza. Akasema ati mwanaume mwenye mkono kama huo, ni haya kumuacha afuturu peke yake. Nilisikia vizuri! Mwenye kuchora birika, anaoa.

Shida iko ndogo. Brashi sijawahi kushika.

Jumanne, tarehe 10 Machi.

Yoo! Nimeshtuka mara mbili siku moja, si vizuri kwa mtu wa umri wangu.

Ya kwanza: mwalimu. Madame Anisia, mtoto kabisa, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Nikaomba rangi, akanipa kipande cha mkaa na yai. Yai! Ati Muzee Radjabu, chora. Nikasema kwa heshima yote, mi nimekuja juu ya birika. Akajibu ati mwenye kushindwa na yai, birika itamcheka. Bon, nikachora. Jirani yangu Paskazia, muuguzi wa zamani, mama mpole kama sindano, akaniuliza hiyo mbatata nitaimenya saa ngapi.

Ya pili: mbele kabisa, kofia imeshuka mpaka puani, nani? Mahmudu! Fundi cherehani wa Muyinga! Yule aliyeaga watu ati anaenda Gitega kuzika shangazi. Kumbe na yeye anataka ukuta wa Kadidja! Nikamuuliza marehemu anaendeleaje. Akaniuliza jino linasemaje.

Alhamisi, tarehe 12 Machi.

Rangi tumepewa. Nyeupe na nyeusi. Basi! Nikatafuta zingine chini ya meza, hakuna. Madame ati kwanza mtu ajue mwanga. Kila kitu iko na upande mwanga unaona na upande mwanga unasahau. Ule uliosahauliwa ndiyo kivuli. Bila kivuli, kitu inalala kwenye karatasi kama chapati.

Nikapata akili. Mahmudu iko polepole, anachora kivuli cha yai lake kama anapima suruali. Nikaamka kidogo-kidogo, nikafunga dirisha la kushoto, nikafungua la kulia. Kivuli chake kikahama! Akashika kichwa! Raha!

Mais lakini kurudi kwenye kiti, na changu kimehama. Cha darasa lote kimehama. Paskazia akanitazama ile ya kutazama mtu mwenye homa.

Jumamosi, tarehe 14 Machi.

Aibu. Sijui niandike namna gani.

Madame aliweka ndizi kwenye sahani, nzuri, za manjano, tuzichore. Sisi wengine tumefunga, tangu alfajiri hata mate tunayaheshimu. Nikachora vizuri, kivuli iko mahali pake. Hapo adhana ya magharibi ikalia kutoka msikiti wa mtaa wa Swahili. Wallahi mkono ulienda wenyewe! Bismillahi, nikafungua. Ndizi ya kwanza ikaisha, ndiyo nikaona darasa lote linanitazama. Madame Anisia kinywa wazi. Nikatafuta wa kunitetea. Nikaona Mahmudu anatafuna ya pili.

Madame hakugomba. Alisema tu ati leo tutachora maganda.

Jumanne, tarehe 17 Machi.

Nani kama mi? Hakuna! Leo nimechora birika. Upande mmoja mweupe, unang'aa, upande mwingine unaingia giza polepole, na tumbo likatokea! Birika imevimba kwenye karatasi kama imekula! Paskazia alinyoosha kidole kuigusa, akarudisha haraka kama ataungua. Madame akasema hiyo ndiyo kazi. Nikawaambia ya simba wa Ujiji. Wakaamini wote.

Ya Mahmudu? Chapati. Nyeupe, haina kivuli hata kidogo. Nilimuonea huruma, nikamwambia, sha, rafiki yangu, rudi kwenye vifungo vyako.

Alhamisi, tarehe 19 Machi. Muyinga.

Siamini. Mpaka sasa naandika siamini.

Nimepanda ngazi asubuhi. Mpaka alasiri birika iko ukutani, kubwa kuliko mlango, kivuli kizito upande wa kushoto. Watu wamejaa barabara. Kadidja akatoka, akatazama, akaingia tena ndani. Nikajua amekwenda kuvaa kanga mpya.

Akarudi na majivu na sufu ya chuma.

Akaanza kusugua! Anasugua kivuli changu! Ati tangu ameanza kuuza chai hakuna mtu amewahi kuona masizi kwenye birika yake, na mi namutundikia masizi mbele ya barabara, siku ya Idi, watu wote wa Muyinga waone? Nikapiga kelele, mama, hiyo si masizi, ni upande mwanga umesahau! Akajibu ati mwanga haukusahau kitu, ni mi Radjabu nimesahau kuosha. Wamama wa soko wakacheka mpaka mboga zikaanguka.

Na Mahmudu? Amesimama pale na kopo lake la nyeupe. Akapanda ngazi yangu. Yangu! Akapaka ile chapati yake. Kadidja akapiga makofi, ati haya, hii ndiyo birika ya mtu msafi.

Ijumaa, tarehe 20 Machi. Idi.

Mahmudu amekula pilau ndani, kwenye mkeka wa Kadidja. Mi nimeletewa chai nje. Ati Idi njema, kaka Radjabu. Kaka!

Jumamosi, tarehe 21 Machi.

Nimefikiri sana. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Kivuli kilikuwa upande mmoja tu! Sufuria ikichafuka upande mmoja, kila mtu anasema huyu mama ni mchafu. Mais ikiwa nyeusi yote, watu wanasema hiyo ndiyo rangi yake.

Jumatatu Kadidja anaenda sokoni Gashoho, na Mahmudu anamubebea vikapu. Nyeusi nimebaki nayo kopo nzima. Ngazi iko.

Safari hii ataolewa tu.