Bomba Moja la Wadlow

Jumatatu, Agosti 5

Habari kubwa. Kamati ya mfereji inaleta bomba la maji ya kunywa kwa ajili ya wenye boti. Bomba moja tu. Vijiji ni viwili: Wadlow ya Juu (mimi, nyumba nne, kanisa lililofungwa) na Wadlow ya Chini (Bibi Thirza Tranter, nyumba sita, baa yake, na majigambo). Jumamosi saa nne asubuhi anakuja Bibi Oakshott wa kamati kuhesabu boti zilizofungwa katika kila kijiji. Penye boti nyingi ndipo pa bomba. Haki tupu, ungedhani.

Ila boti za Chini kwa kawaida ni saba. Ya Juu ni moja, ya mzee Lovibond, na haijasogea tangu injini yake ilipokufa. Ina maua juu na uyoga ndani.

Bomba ndiyo uhai. Boti ikisimama kuchota maji, wenyewe wanakaa nusu saa, na hakuna mtu wa mfereji anayeweza kukaa nusu saa bila chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chai nauza mimi, bustanini, meza tatu. Wiki iliyopita nilipata wateja wawili, na mmoja alikuja kuuliza choo kiko wapi. Dada Hester kapiga simu kutoka Coventry. Chumba kile kidogo ameshakifagia, nitakaa humo na ubao wake wa kupigia pasi. Mimi! Niliyezaliwa ndani ya nyumba hii, baba akiwa mlinzi wa malango namba tisa, yale yanayopandisha na kushusha boti mferejini! Nyumba ni ya kamati, najua, mimi ni mpangaji tu, na kodi inatoka kwenye chai. Lakini sitaki Coventry. Nimesema sitaki.

Jumanne, Agosti 6

Mpango wa kwanza: ukarimu. Nimeoka keki ishirini kwa mkono wangu, nikakaa nazo kwenye njia ya farasi (farasi wa mwisho wa kuvuta boti alikufa kabla sijazaliwa, jina limebaki). Kila boti ikipita, nanyanyua sinia na kutangaza keki ya bure kwa atakayefunga kamba hapa hadi Jumamosi. Boti sita zimepita. Wote wamenipungia mkono. Watu wenye adabu sana, na adabu haina faida yoyote.

Moja ilisimama. Mama mmoja aliuma keki, akatoa kipande cha jino lake na kukitazama kwa huzuni. Wakaondoka.

Nikamtupia bata keki moja. Ikazama moja kwa moja. Bata akaangalia pale ilipozama, kisha akaniangalia mimi. Lovibond alikuwa anaona yote kutoka dirishani kwake na akanishauri zile zilizobaki niwauzie wanaojenga kuta. Mtu ambaye boti yake inaota uyoga ananifundisha mapishi.

Jumatano, Agosti 7

Ukarimu ni kwa wanyonge. Leo nimetumia akili.

Pale Chini kuna bata maji mmoja mzee, mweupe, jina lake Askofu. Hajamdonoa mtu tangu enzi na enzi, anashinda anasinzia karibu na baa. Nimechora ubao mkubwa, nikausimamisha kwenye daraja ambapo boti zote lazima zipite: TAHADHARI. CHINI KUNA BATA MAJI KICHAA. AMEVUNJA MKONO WA MTU. FUNGENI BOTI JUU KWA USALAMA WENU. Nikaongeza mchoro. Damu nimeichora kwa rangi iliyobaki ya mlango.

Bibi Tranter alipita kwa baiskeli akausoma wote, mpaka mwisho. Akaniuliza ni mkono wa nani uliovunjika, maana angependa kumpelekea pole. Nikamwambia jina lake limehifadhiwa. Akasema sawa, akaenda zake akipiga mluzi. Tulisoma darasa moja, na hata wakati huo alikuwa akipiga mluzi.

Alhamisi, Agosti 8

Lo! Sikujua kwamba watu wanapenda kuona mkono ukivunjika.

Tangu asubuhi wanamiminika Chini na kamera. Watoto wanamwita Askofu kwa jina. Askofu amelala. Boti mbili zilizokuwa zimeshapita vijiji vyote viwili zimegeuza na kurudi, zikafunga kamba Chini mpaka mwisho wa wiki, wanasubiri akasirike. Bibi Tranter amewapangia viti. Kwa hiyo Chini ni boti tisa, na mbili za mwisho nimezileta mimi kwa mkono wangu na rangi yangu.

Nimeung'oa ubao. Hester kapiga simu tena kuuliza kama nitahitaji kabati au msumari ukutani utatosha.

Ijumaa, Agosti 9

Mambo yamenyooka! Asubuhi nilishuka hadi malango namba kumi, upande wa bondeni, nikasaidia boti mbili za marafiki kupita. Niliwazungushia vidirisha vinavyopitisha maji langoni kwa mkono wa chuma wa marehemu baba, yaani ufunguo wa kuvizungushia, ule uliogongwa POBJOY kwenye mpini. Wakafurahi. Wameniahidi, kwa kuapa, kwamba leo watalala Chini kwa ajili ya baa, na kesho saa tatu watapanda kuja kufunga kwangu. Sikuwapa keki.

Hata hivyo mbili na ya Lovibond ni tatu. Chini wana tisa. Tatu haishindi tisa hata kwa Bibi Oakshott. Nikakaa bustanini, meza ya pili, nikafikiri mpaka chai ikapoa. Na wazo likaja, zuri mpaka nikaliogopa.

Chini iko kwenye kipande kifupi cha mfereji, kati ya malango namba tisa, yangu, na malango namba kumi. Ukifungua vidirisha vya namba kumi vyote, vya juu na vya chini kwa pamoja, maji yote ya Chini yanateremka bondeni. Kila mtoto aliyekulia hapa amechapwa kwa kosa hilo mara moja. Mimi mara tatu. Basi kesho alfajiri nakwenda kulifanya kwa makusudi. Maji yatapungua, wenye boti watashtuka, watafungua kamba mbiombio na kukimbilia kwenye maji mengi. Wapi? Kwangu! Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakuwa na mfereji.

Jumamosi, Agosti 10

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa namba kumi. Hakuna mtu, ukungu mtupu. Nilizungusha vidirisha vyote vinne. Maji yalinguruma vizuri, nikarudi kwa njia ya shambani nikiimba kimoyomoyo. Nikatandika vitambaa meza zote tatu. Nikasubiri wakimbizi wangu.

Saa moja, hakuna. Saa mbili, hakuna. Saa tatu nikashuka kuchungulia.

Jambo moja sikulikumbuka. Wenye boti waliokunywa Ijumaa hawaamki Jumamosi. Maji yalishuka wamelala fofofo, na walipoamka boti zilikuwa zimekaa kwenye tope, zimeinama upande mmoja, na boti iliyo kwenye tope haiendi popote. Kumi na moja. Tisa za kwao, na zile mbili zangu zilizoapa. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye tope na nguo za kulalia, ameshika birika. Askofu alikuwa macho kwa mara ya kwanza, anatembea katikati ya mfereji kama mkaguzi.

Bibi Oakshott alifika saa nne kamili. Akahesabu, tena bila haraka, maana hakuna aliyeweza kumkimbia. Kumi na moja. Kisha akaagiza Chini ijazwe upesi, na maji ya kujazia Chini yanatoka wapi? Yanatoka Juu. Wakafungua malango namba tisa, mbele ya nyumba yangu, nikiwa nimesimama pale na kitambaa cha meza mkononi. Maji yangu yakaondoka. Boti ya Lovibond ikalala ubavu taratibu, vyombo vikaanza kuanguka kimoja kimoja ndani, halafu mwenyewe akatoa kichwa.

"Pobjoy," akasema, "sikuulizi kitu. Nataka tu ujue kwamba najua."

Bibi Oakshott akaandika Juu moja, akaitazama boti ilivyolala, akaweka alama ya kuuliza. Bomba ni la Chini.

Hapo nikaona nijikinge. Nikapanda kwenye boriti ya lango, nikahutubia. Nikasema huu ni uhujumu! Nikasema mhalifu yumo miongoni mwetu, na vidirisha havifunguki kwa vidole, kwa hiyo nadai kila nyumba ioneshe mkono wake wa chuma! Watu wakapiga makofi. Bibi Oakshott akasema ni wazo la busara, Jumatatu atapita nyumba kwa nyumba, na akigundua ni mpangaji wa kamati, mpangaji huyo atafungasha virago siku hiyo hiyo.

Nimerudi nyumbani mshindi. Nimetazama msumari wa nyuma ya mlango, pale mkono wa chuma wa baba unapotundikwa.

Msumari mtupu.

Jumapili, Agosti 11

Sikula. Mkono wa chuma niliuacha namba kumi, umechomekwa kwenye lango, na jina POBJOY linatazama juu. Baba alikuwa akisema mjinga wa mfereji humjui kwa uso, unamjua kwa kusahau mkono wa chuma. Alikuwa akinitazama mimi anaposema hivyo. Nimekwenda alfajiri kuutafuta. Haupo. Kuna aliyeuchukua.

Nimezunguka nyumba. Alama za urefu wangu bado ziko kwenye fremu ya mlango wa jikoni, za baba kwa kisu. Nikaona uchungu mpaka nikakaa sakafuni. Nimeshamwambia Hester msumari utatosha.

Saa tisa mlango ukagongwa. Bibi Tranter, na kitu kirefu kimefungwa kwenye taulo ya jikoni. Hakuingia. Akakiweka juu ya meza ya kwanza, nikafungua. POBJOY. Ameupaka hata grisi. Nikatafuta uongo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuupata.

"Niliuona kabla ya Oakshott," akasema. "Aubrey, mimi nina kisima. Bomba la nini? Boti sita nilishaziambia zipande kwako saa tatu na nusu, zihesabiwe huku. Wewe ndiye uliyekuwa unalihitaji."

Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Sita, na zangu mbili, na ya Lovibond. Tisa kwa tatu. Ningelala tu ningeshinda.

Akasema pia bomba litawekwa karibu na baa, yeye hawezi bia na chai kwa pamoja, basi nilete meza zangu tatu pale nipike chai. Keki ataoka yeye, hilo halina mjadala. Akapanda baiskeli akaenda akipiga mluzi. Sijui kama nilimshukuru. Nadhani nilimuuliza kama taulo anaitaka.

Jumatatu, Agosti 12

Bibi Oakshott amekuja kukagua. Mkono wa chuma ulikuwa juu ya msumari, unang'aa. Akasifu unavyotunzwa. Nikamwambia kwetu ni jambo la ukoo. Lovibond alikohoa sana huko nje.

Hester nimemwambia aendelee kukaa na ubao wake.

Nimelala juu ya jambo la Bibi Tranter, na leo akili imerudi mahali pake. Sita zipande kwangu? Bure? Hakuna mtu mwema kiasi hicho, mimi nimeishi hapa miaka sitini na moja na sijamwona hata mmoja. Huyu mama ananiogopa. Ameona uwezo wangu, ameona kijiji kizima kikikaa kwenye tope kwa mkono mmoja, akaona afadhali aniweke karibu. Mluzi ule ni wa hofu.

Basi nitakwenda na meza zangu. Nitatabasamu, nitamimina chai. Nitakuwa hatua tatu kutoka bombani kila siku, na bomba linaweza kuhama. Maji ya juu ya namba tisa yakishuka tena, safari hii kidogo tu, kwa hesabu, siku ya uzinduzi, na Chini ikafurika miguuni pa wageni wote, kamati italihamishia bomba kwangu...

Nahitaji kitu kimoja tu cha kufungulia, na Bibi Tranter mwenyewe amekileta mpaka mlangoni, tena amekipaka grisi.