Antena Tatu na Friji Moja

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia. Jina alijipa mwenyewe, na kwa kuwa alilitamka bila kupepesa macho, watu wakamwachia. Siku hiyo alikuwa ananyolewa. Simu ya kinyozi ikaita, kinyozi akamwacha na kichwa nusu, akapanda juu ya stuli.

"Sogea dirishani," alisema kwenye simu. "Siyo mimi, wewe. Mimi nimeshapanda stuli."

"Kumbe mtaa wenu hauna mtandao?" Injinia akauliza.

"Upo. Ila unapita juu kwa juu, hautusalimii."

Injinia akatazama nje. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya ghorofa yenye paa bapa, na mama mmoja juu yake anaanika mashuka. Moyo wake ukaruka. Mkewe alikuwa amerudi kwao, akaapa hataonekana tena mpaka mume apate kazi inayotajika mbele ya baba mkwe. Sasa kazi ya mnara wa simu, jamani, inatajika popote.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba," alisema alipofika juu.

"Marahaba, baba," mama akajibu, akimpima kwa macho.

"Natoka kampuni ya simu. Tunaomba paa. Malipo yako yatakuja baadaye."

"Wekeni tu. Ila msinichafulie mashuka."

Hakudai mkataba, hakudai hata soda. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Injinia alimshukuru Mungu kwa kuumba watu wepesi.

Akasimika bomba, akalifungia maboksi matatu marefu ya plaiwudi yaliyopakwa rangi nyeupe. Nyaya nyeusi zikashuka hadi kwenye friji bovu lililopakwa rangi ya kijivu na kuandikwa HATARI. Ndiyo mitambo hiyo. Kisha akawakusanya majirani, akawafundisha kwa sauti ya msibani.

"Mnara wa kisasa hautupi mawimbi ovyo. Una antena tatu, kila moja na upande wake wa kutazama. Aliye mbele ya antena anapata mtandao. Aliye pembeni, kati ya mbili, ameula wa chuya."

Na hayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa na ukweli ndani yake. Uongo mtupu hauuziki.

Kinyozi akawa wa kwanza kuja na bahasha, antena imtazame yeye. Fundi cherehani akaja na yake: antena ilimwelekea, sawa, lakini iinamishwe kidogo, maana mawimbi yalikuwa yanaruka kibanda chake na kutua kwa shemeji yake, ambaye hajachangia. Mke wa mwalimu mstaafu yeye alilipa ili antena igeuzwe. "Mume wangu kichwa kimeshapata joto la kutosha kwa mawimbi hayo," alisema. Mwalimu mwenyewe akapita uani kwa siri, akalipa irudishwe.

Kila bahasha ilipofika, Injinia alipanda na pima maji, akasogeza boksi upana wa kidole, akaguna kitaalamu, akashuka.

"Mtandao umebadilika?" fundi cherehani alimuuliza kinyozi.

"Sana," kinyozi akajibu, angali juu ya stuli. Alishatoa pesa, angesema nini?

Injinia akampigia mkewe habari njema. Alikuwa tayari anafunga begi ili atoweke, mama wa mashuka alipomwita pembeni.

"Mwanangu, nina jambo linanisumbua. Kampuni nyingine imekuja, na gari jeupe. Wanataka kukodi paa hili miaka kumi. Mimi ni mtu mzima, makaratasi siyawezi. Nikaona bora nikuuzie wewe haki ya paa, wao wawe wanakulipa wewe. Nipe chochote ulicho nacho."

Mate yakamjaa Injinia. Miaka kumi ya kulala na kulipwa! Alimtazama mama huyu asiyejua thamani ya mali yake, akamwonea huruma kwa nusu dakika hivi. Kisha akamkabidhi bahasha zote, akabaki na nauli. Mama akatia saini kwa mwandiko mzuri ajabu.

Kesho yake asubuhi mwanamume mwembamba mwenye funguo nyingi alisimama juu ya paa.

"Nani kapandisha friji kwenye nyumba yangu?"

Injinia akanyoosha mkataba. Mwanamume akausoma, akaurudia, akakaa juu ya friji kucheka.

"Huyu ni mpangaji wangu wa chumba cha uani. Kahama alfajiri. Wewe ni wa pili, kaka. Wa kwanza, mama huyo alimuuzia tangi langu la maji."

Injinia akapiga namba ya mama. Haipatikani. Akapiga tena. Majirani walikuwa wameshapanda ngazi, wote wamesikia, na mke wa mwalimu alikuwa anakunja mikono ya gauni.

Hapo simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilitoka safi, kubwa, kila mtu pale juu akaisikia:

"Mume wangu, tumeshafika kituo cha basi na baba. Anasema hanywi chai mpaka auone huo mnara wako."

Kinyozi akawageukia wenzake kwa fahari.

"Mnasikia mtandao ulivyo safi? Na mlikuwa mnasema tumeibiwa."