Kizuizi cha Klachi Kilichonihamishia Kiti cha Abiria

Hancock, Michigan
Oktoba

Kwako Ndugu Mhariri wa jarida la klabu yetu ya magari ya gia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyumbani kwako kuna amani. Kwangu ilikuwapo mpaka toleo lenu la Septemba lilipoingia. Mimi ni mwanachama wa siku nyingi, na sikulalamika hata mlipochapisha picha ya gari langu kichwa chini. Leo nalalamika, kwa heshima zote, kuhusu makala yenu ya jinsi ya kujitengenezea kizuizi cha pedeli ya klachi kwa bei ya kikombe cha kahawa. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili usinipotee njiani.

1. Makala ilieleweka. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mke wangu, Aune, ni mfupi. Ili aikanyage klachi mpaka sakafuni ilimbidi avute kiti mbele hadi usukani umguse kifua, na hata hapo alikuwa akifika kwa ncha za vidole. Tangu tuoane nimemweleza yeye na majirani wote kwamba klachi isiyogusa sakafu inasaga gia. Kwa hiyo dereva ni mimi. Ulikuwa utaratibu mzuri. Ndipo nyinyi mkaandika, kwa maneno mepesi kabisa, kwamba klachi huachia mara pedeli inapofika katikati tu, kwamba kinachobaki ni kukanyaga bure, na kwamba bolti moja yenye kichwa cha mpira, ikifungwa nyuma ya pedeli, inatosha kuisimamisha hapo. Aune aliisoma akila mkate wake wa iliki. Akairudia. Kisha akaniangalia. Ndugu Mhariri, sijawahi kuangaliwa vile.

2. Vifaa vyenu vinapatikana. Mngetaja hata kimoja cha kuagizwa kutoka Ujerumani, nyumba yangu ingepona. Bolti na nati alizipata dukani hapa mjini. Mpira aliukata kutoka kile kisahani cheusi cha hoki ya barafu nilichofungia bao la ushindi nikiwa sekondari, ambacho kimekaa juu ya kabati letu muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyowahi kukaa popote. Nilitoka kupasua kuni nikakuta miguu yake imetokeza mlangoni mwa gari, kichwa kiko chini ya dashibodi.

"Umeangusha hereni?" nikamuuliza.

"Hapana. Natafuta ile nusu ya pedeli uliyonificha."

3. Kinafanya kazi. Alasiri hiyohiyo alilizungusha gari mtaani, gia zikiingia moja baada ya nyingine bila kelele. Jirani yetu Veikko alikuwa anakusanya majani uani kwake. Akaegemea reki yake.

"Reino, gari lako limepona kikohozi. Fundi nani?"

"Hakuna fundi. Anaendesha Aune."

"Ahaa," akasema. "Kumbe aliyekuwa mgonjwa siyo gari."

Mambo hayakuishia hapo. Mama mkwe wangu, Bi Lempi, ambaye nilikuwa nikimpeleka kanisani kwa saa niitakayo mimi, alitaka naye afungiwe cha kwake. Sasa anakuja na gari lake mpaka mlangoni kwangu na kunipigia honi niharakishe. Kisha wakaja wanakwaya wenzake Aune. Wenye sauti ya pili wote wameshafungiwa, na wa sauti ya kwanza wameandikishana zamu. Uani kwangu kila Jumamosi kuna miguu ya wanawake imetokeza milangoni mwa magari, nami ndiye wa kupeleka kahawa.

4. Makala haina onyo la kutosha. Nilitaka kumwonyesha Aune, kwa upole, kwamba jambo hili ni la hatari. Alipokuwa ndani ya sauna akioga mvuke, nililegeza nati na kuisogeza bolti mbele kidogo, ili pedeli igote kabla klachi haijaachia. Nilitegemea kesho yake yeye ndiye angeendesha. Badala yake alisema anatembea kwa miguu kwenda mazoezi ya kwaya ng'ambo ya daraja, nami nimfuate na gari, nibebe sufuria ya mchuzi wa samaki wa chakula cha pamoja. Spana alikuwa ameondoka nayo kwenye mkoba, maana siku hizi hatoki bila spana.

Nyumbani nilifanikiwa kuondoka kwa kulazimisha. Katikati ya daraja foleni ikasimama, nikatoa gia, na haikukubali kuingia tena. Kila nikijaribu, gari lilipiga ukelele uliosikika ng'ambo zote mbili. Daraja letu, kama unavyojua, huinuliwa meli zikipita, na meli ilikuwa inasubiri. Mlinzi wa daraja akashika kipaza sauti.

"Bwana wa gari la bluu, tafadhali. Meli haiwezi kuinama."

Wa kwanza kufika alikuwa Aune, kwa miguu, na joho lake la kwaya. Hakuuliza kitu. Akajilaza chini ya dashibodi mbele ya msafara mzima, akageuza nati, akatoka.

"Nani ameigusa hii?"

"Labda mtetemo," nikasema.

"Mtetemo umelegeza nati, ukasogeza bolti, halafu ukaikaza tena?"

Nikafunika vizuri sufuria ya mchuzi.

"Sogea, Reino," akasema, wala hakupandisha sauti.

Nikasogea, nikaupita mkono wa gia, nikapakata sufuria ya mchuzi. Gia ikaingia. Watu wakapiga makofi, na meli ikapiga honi. Tangu siku hiyo niko kiti hichohicho cha abiria.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mkanushe makala katika toleo lijalo na kutamka kwamba klachi lazima iguse sakafu. Mkusanye nakala zote za Septemba kutoka nyumba zenye wake, na zenye mama wakwe mzifikie kwanza. Klabu iwaandikie wabunge wetu ili kina cha pedeli kilindwe kwa sheria, kipimo kiwe mguu wa mume. Na makala zenu za baadaye ziandikwe na mtu asiyejua kueleza. Najua mnao.

Nisalimie mpiga picha wenu, mkeo, watoto, na mweka hazina wa klabu. Waambie sina kinyongo na mtu, ila na bolti.

Ni mimi, mwanachama wenu niliyeonewa,
Reino Kumpula

N.B. Jana Aune alinipeleka mjini Marquette kwa daktari wa macho. Barabara ile nimeiendesha tangu ujana wangu, nikitazama lami na gari la mbele. Wakati wa kurudi, ghuba ya ziwa iko upande wa abiria. Maji yalikuwa ya rangi mbili, miti imewaka kwa majani mekundu ukingoni mpaka mwisho wa macho, na kulikuwa na bata weusi wengi juu ya maji. Nikamuuliza Aune kama ghuba hii imekuwa hapa siku zote. Akapunguza mwendo ili niione vizuri. Basi nakuomba unijibu upesi kabla theluji haijaanza: lile lori langu la kusukumia theluji, pedeli yake ni nzito zaidi. Bolti yake iwe na urefu gani? Aune anasema mguu wake unaweza, na mimi ningependa kukaa dirishani.