Linux Niliyoipima kwa Mwili wa Yakubu

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kabambare.
Mimi Placide, fundi wa cherehani, miaka sabini na tatu. Nimepita vita mbili, cherehani tatu, na daktari aliyenikataza kahawa. Sasa niko na ordinateri ya Linux na mashini ya kutoa karatasi. Moustapha wa ng'ambo ya barabara naye iko nazo, mpya. Mjukuu wangu Apolline anaolewa tarehe 15. Mialiko atoe kwa nani? Kwangu! Ila amesema: Babu, Alhamisi kama haiko tayari, naenda kwa Moustapha. Aibu gani hiyo!

Jumanne, 4.
Programu yangu ya kuandika inafunguka kwa sekunde kumi. Moustapha anacheka. Ni ya mitumba, ndiyo maana! Imeshonwa kwa kila mutu, haikai mutu yeyote. Mimi nitachukua kitambaa chenyewe, yale maandishi yaliyoizaa, niishone kwa kipimo cha prosesa yangu, ule ubongo wa ordinateri. Kukompile, ndivyo wanaita. Lakini kwa sola yangu, siku nne. Kesho naenda Kasongo kwa kijana Yakubu, ordinateri yake ni kubwa, itamaliza mbio. Célestine, bibi yangu, ameniuliza: Baba Olga, sekunde kumi zitakuua?

Jumatano, 5. Kasongo.
Nimeandika amri kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Iko neno la kuambia ordinateri ijipime mwili. Nimelitia. Kwa muda wa saa mbili tu, kwisha! Yakubu alitaka kusema jambo juu ya prosesa yangu ya zamani. Nikamwambia nilipima watu mama yake hajazaliwa. Akanitilia programu kwenye flash.

Alhamisi, 6.
Nimerudi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nikafuta ile ya mitumba, nikaweka yangu. Nafungua. Imeandika kwamba amri haikubaliki, ikajifunga. Amri yangu mimi! Nikapigia Yakubu. Amesema: muzee, ordinateri yangu ilijipima yenyewe, haikupima yako. Kumbe nimeshona suti kwa mwili wa Yakubu! Kosa lake, mwili umezidi. Akaniomba nirudishe ya mitumba, dakika kumi tu. Nikakata simu.
Apolline amekuja, ametazama, amesema pole Babu. Amevuka barabara. Moustapha akanipungia mkono.

Jumatatu, 10.
Nakompile hapa hapa. Siku ya nne. Sola yote kwa ordinateri. Simu ya Célestine haina chaji, naye hana neno zuri kwangu. Kahawa tamu.

Jumapili, 16.
Harusi imepita, nimecheza kushinda vijana. Mialiko ya Moustapha ilikuwa mizuri, sitamwambia. Leo nimefungua programu yangu: sekunde tisa! Tisa! Sasa nataka kukompile Linux nzima, mpaka ile saa ya pembeni mwa kioo. Sola haitoshi. Nitapeleka kazi Lusangi, kwa bwana mmoja Kasimu: ordinateri yake inashinda ya Yakubu kwa ukubwa, itajipima vizuri zaidi.
Asiyeamini sekunde tisa amuulize Célestine, ndiye alishika saa. Anasema kumi, lakini hakuvaa miwani.