Nilivyofufuka Mbele ya Afisa wa Bima

Jamani, leo nimeaibika. Nusu ya mji wetu wa Bwera imeiona shumizi yangu, na nusu nyingine inasimuliwa sasa hivi ninapoandika.

Mama yangu ana ugonjwa wa moyo. Akilala chali, maji yanamjaa kifuani, anakabwa. Tangu mvua zilizopita analala kwenye kiti, shingo imepinda. Daktari akasema apate kitanda cha umeme, kile kinachoinuka upande wa kichwa. Mama yumo kwenye bima yangu ya kazini (mimi ni mwalimu wa shule ya binafsi, msinionee wivu), nikawapigia simu. Wakajibu, "Kitanda ni fenicha, madam. Sisi tunalipia matibabu." Daktari akawapigia mwenyewe. Wakalegea kidogo: watamtuma afisa wao kutoka Kasese aone kwa macho yake kama mgonjwa ni mgonjwa kweli na kama kitanda kinamsaidia. Muuzaji wa kitanda naye akakubali kutuachia kitanda tukijaribu mpaka bima waamue.

Kikaletwa jana. Kimeshatumika. Kimetoka ng'ambo, kwa nani hatujui. Godoro lina bonde katikati, umbo la mtu mrefu. Kwenye chuma cha pembeni kuna mikwaruzo, kama ya kucha. (Nilijiambia ni ya usafiri. Nilijiambia mambo mengi.) Na kikiinuka kinatoa sauti: mmmmmm. Si kama mashine. Kama mtu anayeumwa ila hataki kuwaamsha wenzake.

Basi leo nimeomba ruhusa shuleni. Ukungu ulishuka kutoka milimani asubuhi, mzito, hata migomba ya jirani haionekani. Nikamkalisha Mama barazani, nikamfunika blanketi, nikaingia kutandika. Chumba giza kama jioni. Nikageuka kuchukua mto.

Nyuma yangu: mmmmmm.

Kitanda kinapanda. Taratibu. Kama mtu anayejiinua aone nani kaingia. Kikafika juu, kikatulia, kikanitazama. (Kitanda hakina macho, najua. Kilinitazama.)

Nikaangalia rimoti. Ile pale, kitu cheusi ndani ya kimfuko cha kitambaa ubavuni mwa kitanda. Hakuna aliyeigusa. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Kitanda kikashuka.

Nilikimbia kwa jirani yetu Mama Kavira, muuza vitenge aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki wa kulala na rozari mkononi. Akaja, akachungulia. Safari hii ukapanda upande wa miguu. Miguu peke yake!

"Yesu na Maria," akaninong'oneza. "Wee Masika, iko mutu mule."

"Mtu gani, Mama Kavira?"

"Mwenye alikufia mule. Hajue kama alikufa. Anatafutaka namna ya kuamuka."

Hapohapo simu yangu ikalia. Afisa wa bima. "Niko Kinyamaseke, nakaribia. Mgonjwa awe tayari!" Sauti ya gwaride. (Baadaye nimeambiwa aliwahi kuwa jeshini.)

Fikirieni hali yangu. Akikuta kitanda kinajipandia chenyewe, atasema kibovu, kitarudishwa, na Mama atarudi kwenye kile kiti. Juzi tu aliamka hapo midomo imekuwa ya bluu, amenishika mkono, hawezi hata kuniita.

"Tufanye nini?" nikauliza.

Mama Kavira alikuwa na dawa yake. Mtu mzima mwenye afya alale pale, ajifunike, yeye aombe, ili huyo mwenye kitanda ajue nafasi yake imechukuliwa. Kumlaza Mama juu ya mfu? Siwezi. Nikapanda mwenyewe. Shuka jeupe mpaka juu ya kichwa. Mama Kavira akawasha mshumaa, akapiga magoti, akaanza kusali na kulia, maana yeye akisali lazima alie.

Chini ya shuka kulikuwa na baridi. Bonde la yule mtu mrefu lilinipokea vizuri mno, kama lilikuwa linanisubiri. Nikasikia pumzi. Nikabana ya kwangu. Ile nyingine ikaendelea, nzito, karibu na sikio. (Ilikuwa pua ya Mama Kavira. Mimi ningejuaje?)

Halafu buti. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Kisha sauti ya mwanaume, ya chini kabisa:

"Poleni sana. Nimechelewa."

Nikaelewa anachokiona. Nikataka kusema, "Hapana, afande, niko hai." Pumzi niliyoibana ikatoka "Haaaaaah" tu. Na wakati uleule: mmmmmm. Kitanda kikaniinua. Kichwa, kifua, shuka zima, nikakaa wima mbele yake.

"Mufu anaamuka!" Mama Kavira akapiga yowe.

Afisa akasema, "Rudi chini!" Amri kabisa. Kwa maiti. Kisha akaondoka. Mlango ulikuwa wazi. Yeye akachagua dirisha.

Nikaruka kumfuata kabla hajaipeleka habari hiyo Kasese. Sikujua gauni limenaswa kwenye vyuma vya kitanda. Kra! Gauni likabaki, mimi nikaenda. Nikatokea uani katikati ya ukungu, shuka kichwani, shumizi chini, napaza sauti: "Afande! Mimi si mgonjwa! Mimi ni mzima kabisa!" (Maneno ambayo mwenye bima hapaswi kumwambia afisa wa bima, hata siku moja.)

Watu wakatoka majumbani. Mwalimu mkuu wangu, yuleyule aliyenipa ruhusa nimuuguze mama, alikuwa anapita na bodaboda. Akasimamisha. Akashuka kabisa, aone vizuri.

Ukungu ukapungua kidogo. Barazani alikuwa Mama, ametulia, kitu cheusi sikioni. Anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena.

"Masika," akaniita, "nampigia mama yako mdogo wa Bwesumbu tangu asubuhi, hapokei. Na wewe, nguo yako iko wapi?"

Ilikuwa rimoti. Kwenye kimfuko cha kitanda ilikaa simu yake.

Afisa akatokea nyuma ya tangi la maji, anajipangusa magoti. Hakucheka. "Mgonjwa ni nani hapa?" Mama akajaribu kusimama amsalimie, pumzi ikamkatikia palepale, midomo ikaanza kugeuka rangi. Afisa ndiye aliyefika kwanza. Akambeba kama mama yake, akamlaza, nami nikabonyeza. Mmmmmm. Kifua cha Mama kikahangaika, kikahangaika, kikatulia. Akafumba macho.

"Hii si fenicha," afisa akasema mwishowe. "Nitawaambia walipe." Alipofika mlangoni (safari hii alitumia mlango) akaniinamia. "Lakini madam, mkitaka kusali tena, fungeni mlango kwa ufunguo."

Sasa nimevaa. Mama bado amelala, anakoroma kidogo, jambo ambalo nyumba hii imelisahau kitambo. Kwa hiyo nawaomba, mwenye kutaka kucheka aende akachekee Kasese.